Bomba la Saba

"Gundi. Tope linaondoka."

Maneno matatu kwenye redio ya Motorola, kisha kimya.

Mwanamke aliyeitwa Gundi alikuwa tayari juu ya pikipiki. Alipiga gia, Yamaha ikaruka kutoka ukingoni mwa barabara kama iliyochomwa sindano. Mita mia tatu mbele yake, lori jeupe la Isuzu lenye sanduku la ubaridi lilikuwa linakata kona ya eneo la viwanda bila kupunguza mwendo.

Saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Zilibaki saa mbili na dakika arobaini.

Idarani, kwa majasusi wenzake, walimwita Gundi kwa sababu akikushika habanduki. Alikuwa na miaka arobaini na minne, goti la kulia bovu lililofungwa bandeji nene ya mpira, na sura ya mama anayewahi kikao cha wazazi shuleni. Sura hiyo ilikuwa imemwokoa mara nyingi kuliko bastola.

"Mkuu, nimeliona. Niko nyuma yake."

"Usilipoteze." Sauti ya Mkuu wa Idara ilikuwa kavu. "Na kuna jambo jingine. Shemeji yako amefariki. Saa nne na nusu, hospitali. Pole."

Gundi aliuma meno na kuongeza moto.

Shemeji, mume wa mdogo wake, ndiye aliyekuwa mtunza ghala la baridi la Taasisi ya Bahari. Alfajiri ile kamera ilimwonyesha akifungua mlango wa ghala kwa kadi yake mwenyewe, nyuma yake wanaume watatu. Baadaye alikutwa chini, kichwa kimepasuka. Idara nzima ilisema neno moja: msaliti, kawafungulia, wakamaliza kazi wakamnyamazisha. Wiki nzima alikuwa akibaki ghalani peke yake baada ya wenzake kuondoka. Gundi mwenyewe, alipomwona amelala kwenye machela, hakumshika mkono. Alimwinamia akamwambia sikioni, "Umetuuza, mbwa wewe."

Sasa mtu amekufa.

Na alichotuhumiwa kuuza kilikuwa tope.

Tope tu. Lakini tope lililotolewa chini ya sakafu ya bahari, mbele ya mdomo wa mto mkubwa, kwa bomba la chuma lililozamishwa kutoka melini hadi likachoma mita kumi na mbili kwenda chini. Kila mwaka mto na upepo huangusha pale vumbi lao, unene wa milimita moja hivi, na bahari hulitunza. Mita kumi na mbili ni miaka elfu kumi na mbili ya mvua na ukame, imepangwa tabaka juu ya tabaka. Profesa aliyeongoza kazi hiyo, mama mmoja mkali wa miaka sitini na tisa, alilikata tope hilo vipande vinane vya mita moja na nusu, akavipasua kwa urefu kama ganda la karanga. Nusu za kuchunguza, nusu za akiba.

Nusu za kuchunguza ziliungua na maabara wiki iliyopita. Kompyuta nazo, pamoja na walinzi wawili.

Zilibaki nusu za akiba. Na kati ya hizo, bomba la saba ndilo lililokuwa na ushahidi.

Saa nane mchana huu Tume ya Maji ingekaa kupiga kura: nchi tatu ziikabidhi Kampuni moja ya kigeni maji ya ziwa kuu kwa miaka tisini na tisa, au zisiikabidhi. Kampuni ilikuwa imeleta ripoti ya kurasa mia nne kwamba ziwa hilo halijawahi kukauka na halitakauka. Bomba la saba lilisema vinginevyo.

Watu milioni thelathini walikunywa ziwa lile.

Lori lilizidi kukimbia.

Gundi alitoa Glock kwa mkono wa kushoto, akalenga tairi la nyuma. Risasi ya kwanza ikaenda zake. Ya pili ikagonga chuma. Mlango wa nyuma wa lori ukafunguka na mwanaume mwenye kofia nyekundu akaanza kusukuma nje makreti ya barafu.

Kreti la kwanza lilipasuka mbele yake. Akalikwepa.

La pili akalikwepa.

La tatu hakuliona.

Pikipiki iliteleza juu ya barafu na kwenda kivyake. Gundi akaburuzwa kwenye lami mpaka ukuta ulipomsimamisha. Aliinuka bila kuuliza kama kuna kilichovunjika. Lori lilikuwa linaingia lango la kiwanda cha vigae, mita hamsini tu. Alikimbia akichechemea, bastola mkononi, damu ikimwingia jichoni.

Akaingia ndani ya jengo.

Na hapo akafika alipokuwa anasubiriwa.

Kitu kizito kilimpiga kisogoni.

*

"Shikamoo, mama."

Alifumbua macho. Mbele yake alikuwa amesimama mwanaume mrefu, mgeni, suti ya kijivu, glavu nyeusi za ngozi katika joto lile. Idara ilikuwa na picha yake moja tu, ya ukungu. Walimwita Bwana Glavu. Kiswahili chake kilikuwa safi na cha adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotisha.

"Samahani kwa kichwa," alisema. "Vijana wangu hawajui kupiga polepole."

Wanaume wawili, yule wa kofia nyekundu na mwenzake mwenye ndevu, walikuwa wamembana Gundi mikono. Walikwisha kumpekua. Glock, redio, kisu cha kifundoni, hata pini ya nywele, vyote vilikuwa mezani.

Bwana Glavu alishika ala ndefu ya plastiki. Kwenye kifuniko chake palikuwa na alama ya bluu na namba: 7.

"Unajua mtunza ghala wenu tulimpiga saa nzima?" aliuliza. "Nilitaka kuwa na uhakika. Hili ndilo la saba? Ndilo. Una hakika? Nina hakika. Aliapa kwa mama yake, kwa watoto wake. Mtu mwaminifu sana."

Alivuta kifuniko. Nusu ya bomba ikatoka, tope la kijani-kahawia linalong'aa kwa unyevu.

"Subiri," Gundi alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Subiri. Nitakupa jina la mtu wetu ndani ya Kampuni yako."

"Hamna mtu ndani ya Kampuni yangu."

Akaliinamisha bomba juu ya mashine ya kukorogea udongo wa vigae. Tope likateleza taratibu, likadondoka. Mapanga ya mashine yakalipokea.

Gundi alipiga kelele. Alimkanyaga kofia nyekundu mguu, akachomoa mkono mmoja, akajitupa juu ya ukingo wa mashine na kuingiza mkono ndani. Nusura kidole kimoja kikatike. Alipata konzi moja. Konzi moja ya tope kabla hawajamvuta nyuma kwa nywele na kumpiga ngumi ya tumbo.

Lililobaki lilikwishakuwa udongo wa vigae.

"Mwekeni kwenye chumba cha kukaushia," Bwana Glavu alisema huku akijifuta glavu kwa leso. "Risasi huacha maswali. Joto ni ajali ya kazini."

*

Chumba kilikuwa kirefu kama behewa, kuta za chuma, rafu za vigae vibichi pande zote mbili. Mlango ulijifunga kwa umeme. Feni zikaanza kunguruma.

Juu ya mlango namba nyekundu zikawaka: nyuzi arobaini na tano.

Gundi alijaribu mlango kwa bega. Akaujaribu tena. Akaupiga teke kwa mguu mzima, akaanguka kwa mguu mbovu.

Hamsini na mbili.

Aliketi sakafuni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi, alilia. Alilia kwa hasira, kamasi zikimtoka, tope limemkauka kiganjani. Tope limekwenda. Shemeji amekwenda. Saa sita kasoro robo.

Kisha akakunja suruali na kufungua bandeji ya goti.

Wapekuzi wa kiume hupekua kila mahali ila goti bovu la mwanamke wa makamo. Ndani ya mpira ule mlikuwa na vitu viwili: kisimu kisichozidi kiberiti kwa ukubwa, na kiwashio cha Zippo. Simu ilikuwa na namba mbili tu. Ya Mkuu haikupokelewa. Akapiga ya pili.

"Nani?" Profesa alipokea kwa ukali. Alikuwa hospitalini, pembeni ya mwili wa mtunza ghala wake.

"Ni mimi, Profesa. Nimeshindwa. Wamelisaga mbele ya macho yangu. Nimebaki na konzi moja."

Mama yule akashusha pumzi kama mtu aliyewekewa gunia mgongoni.

"Konzi ya nini? La rangi gani?"

"Profesa, niko ndani ya joko. Sina muda wa..."

"Rangi gani, mwanangu!"

"Kijani. Kahawia. Sijui."

"Tia mdomoni."

"Nini?"

"Tia mdomoni, utafune kwa meno ya mbele. Sisi ndivyo tunavyofanya, tangu nikiwa msichana. Tafuna uniambie."

Gundi alilamba kiganja. Chumvi, uozo wa zamani sana. Akasaga meno.

"Laini," alisema. "Kama siagi."

"Halikwaruzi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Laini, Profesa. Laini tupu."

Upande wa pili kiti kilianguka.

"Hilo si la saba," Profesa alisema. "Tope laini ni la enzi za mvua. La saba ni la ukame, limejaa vumbi jeupe lililopeperushwa na upepo. Mkononi hulihisi, lakini jinoni linalia kama mchanga kwenye wali. Lazima lilie! Mwanangu, huyu shemeji yako alibadilisha alama. Tangu maabara ilipoungua alikuwa anajifungia mle ghalani. Nilidhani anaomboleza. Alikuwa anahamisha namba kutoka bomba hili kwenda bomba lile, asimwambie mtu. Hata mimi hakuniambia, mshenzi yule, Mungu amrehemu."

Gundi alifumba macho.

Saa nzima walimpiga. Hili ndilo la saba? Ndilo. Una hakika? Nina hakika.

Na yeye alimwita mbwa.

"La kweli liko wapi?" aliuliza.

"Mle mle ghalani. Yamebaki saba, moja kati ya hayo. Ila jihadhari na la nane, nalo linakwaruza. Lile ni mchanga mweusi wa mto, chembe kubwa, utaziona kwa macho. La saba ni jeupe na chembe huzioni."

Simu ikapiga mlio mwingine. Mkuu.

"Gundi! Uko wapi? Umeongea na Profesa kwa laini ya wazi, simu yake inasikilizwa tangu jana. Tumenasa redio yao, Bwana Glavu amesikia kila neno. Walikwishafika mbali, lakini wanageuza gari sasa hivi."

"Tuma watu ghalani."

"Sina. Vijana wote wako ukumbini kwa Tume, na daraja limezibwa na lori lililopinduka. Dakika hamsini kuvuka."

"Polisi?"

"Mkubwa wao ndiye aliyeondoa walinzi ghalani jana. Uko peke yako."

Sitini na nane.

Alivuta pumzi, ikamchoma kooni. Ukutani, karibu na dari, palikuwa na kibao cha maelekezo kwa wafanyakazi: JOTO LIKIPITA 150 MASHINE HUZIMA NA MLANGO HUFUNGUKA. Chini yake, ncha ndogo ya shaba ilijitokeza ukutani. Kipima joto.

Gundi akapanda rafu. Vigae vibichi vilivunjika chini ya miguu yake. Akawasha Zippo na kuuweka moto chini ya ile ncha ya shaba, nywele zikianza kunuka.

Mashine haikujua kama joto ni la chumba kizima au la kiberiti cha mtu mmoja mkaidi.

Mia moja na kumi. Mia moja thelathini. Kiwashio kikamuunguza vidole, hakukiachia. Alihesabu kwa sauti ili asizimie.

Mia na hamsini na moja.

King'ora. Feni zikakata. Kufuli likaachia.

Alianguka nje kama mkate uliotolewa jikoni, akatambaa hadi kwenye bomba la maji, akanywa, akajimwagia. Fundi mmoja wa kiwanda, mzee mwenye vumbi hadi kwenye kope, alisimama akimtazama, mdomo wazi.

"Mama, umeingiaje humo?"

"Kwa bahati mbaya, baba. Funguo za ile pikapu ziko wapi?"

*

Hilux ya vigae ilifika Taasisi ya Bahari saa sita na dakika arobaini. Njia nzima vigae vilikuwa vikidondoka nyuma yake. Mara mbili kisimu kililia, na mara zote mbili alikuwa mdogo wake, kwa simu ya Profesa. Mara ya tatu Gundi akapokea, mkono mmoja kwenye usukani.

"Dada, wanasema aliwauzia watu. Ni kweli?"

"Nani amekwambia?"

"Watu wa Idara yako. Jirani kanipigia, wako nyumbani wanapekua kabati zetu. Mwili haujapoa, Dada, wanapekua kabati!"

"Jirani awaambie watoke. Awaambie nimesema mimi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Nitakuja kukwambia kwa mdomo wangu. Nisubiri hapo hospitali."

Akakata. Hakuthubutu kusema zaidi kwenye simu ile.

Ghala la baridi lilikuwa chini ya jengo, nyuzi nne, siku zote nyuzi nne. Baridi ilimpiga mwili uliotoka jokoni akatetemeka mpaka meno yakagongana. Rafu ndefu za chuma zilisimama juu ya reli, zimebanana kama kurasa za kitabu, kila moja ina usukani kila mwisho. Ukizungusha, rafu inatembea na uchochoro unafunguka. Sakafuni karibu na mlango kulikuwa na damu iliyokauka. Aliiruka.

Akazungusha usukani wa rafu ya nne. Mabomba saba, yamelala kimya.

La kwanza. Akang'oa kifuniko, akachota kwa ukucha, akatia mdomoni. Laini.

La pili. Laini.

La tano. Laini. Akatema.

La nne. Likakwaruza! Akachungulia: chembe nyeusi, kubwa, zinaonekana waziwazi. La nane hilo. Akalaani.

Juu, milango ya gari ilifungwa. Mmoja. Wa pili. Wa tatu.

La sita. Laini.

Hatua kwenye ngazi. Harufu ya petroli ikatangulia.

La nane kwa alama. Laini.

Akabakiwa na moja tu, lenye alama ya tatu. Tope lake lilikuwa jeupe kidogo, kama maziwa yaliyomwagika kwenye majivu. Alilitia mdomoni na kusaga meno.

Likalia.

Likalia jinoni kama mchanga kwenye wali.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini.

Aliirudisha nusu ile ndani ya ala yake, akaikumbatia. Kilo kumi na tano. Miaka elfu moja na mia tano.

"Mama," sauti ya adabu ilisema kutoka mlangoni. "Wewe kweli ni gundi."

Bwana Glavu alishika bastola yenye mtutu mrefu wa kunyamazisha sauti. Nyuma yake kofia nyekundu na ndevu walikuwa wanamwaga petroli kutoka kwenye madumu, kwa haraka, bila kumtazama mtu. Gundi alikuwa ndani ya uchochoro, mlango uko upande wao. Lakini uchochoro ulikuwa na miisho miwili.

Alikimbia kwenda wa pili.

Risasi ikapasua bomba juu ya kichwa chake, tope likamrukia usoni. Nyingine ikamchana bega. Akapinda kona, akaliweka bomba chini taratibu kama mtoto aliyelala, akashika usukani wa rafu kwa mikono miwili.

Bwana Glavu alikuwa amekwisha kuingia uchochoroni kumfuata.

Gundi akazungusha.

Rafu zile zilikuwa zimebeba tani tisa za sakafu ya bahari. Zilitembea kimya, na zikishaanza kutembea hazijui kusimama. Bwana Glavu aliona ukuta unamjia. Alipiga risasi mbili hovyo. Kisha chuma kikamfikia, kikambana kifua na mgongo, na bastola ikalia kwa mara ya mwisho, chini, kwenye sakafu iliyolowa petroli.

Moto ukasimama kama mtu aliyeamshwa.

Kofia nyekundu na ndevu walitupa madumu, wakatoka nduki, mguu niponye, bila kugeuka nyuma kumtazama bosi wao.

"Nifungulie!" Bwana Glavu alipiga kelele. Adabu yote ilikuwa imemwisha. "Nifungulie, tafadhali! Nitasema kila kitu!"

Gundi alitazama moto. Akalitazama bomba. Moshi ulikwishafika darini, na mlango ulikuwa hatua kumi na tano. Angeweza kuondoka. Hakuna ambaye angemuuliza.

Akazungusha usukani nusu duara.

"Toka," alisema. "Tangulia. Ukigeuka nyuma nakuacha."

Alitoka akijikokota, mbavu zimevunjika, glavu moja imebaki kwenye rafu. Gundi akamfuata, bomba begani, goti likimlilia kila ngazi. Nyuma yake alivuta mlango mzito wa chuma akaufunga, moto ukose hewa. Mengine yote mle ndani, miaka elfu tisa, aliyaachia bahati yake.

Nje, jua lilikuwa kali. Mpishi wa kantini ya Taasisi na wahudumu wake wawili walikuwa wameshika ndoo, hawajui waanzie wapi. Gundi akamfunga Bwana Glavu kwenye nguzo ya geti kwa mkanda wake mwenyewe wa suruali.

"Mama mpishi, mwangalieni huyu. Akitikisika, mmwagieni mchuzi wa moto."

"Hata kama hatikisiki?" mpishi aliuliza.

"Hiyo nakuachia wewe."

*

Daraja lilikuwa bado limezibwa. Aliliacha gari, akavuka kwa miguu, bomba begani, kati ya magari yaliyopiga honi. Watu walimpisha. Mwanamke aliyeungua nusu ya nywele, damu begani, tope mdomoni, hapishwi kwa kuombwa.

Saa nane kasoro dakika mbili alisukuma mlango wa ukumbi.

Wajumbe tisa walikuwa wamekaa. Mwenyekiti wao, Jaji mstaafu mwenye miwani minene, alikuwa ameshika kalamu. Profesa alikuwa amesimama peke yake mbele, mikono mitupu, na wakili wa Kampuni alikuwa anatabasamu.

"Mheshimiwa Jaji," wakili alisema, "mama huyu ametuletea picha za eksirei zilizopigwa melini. Picha ya tope ambalo halipo ni picha tu."

"Tope lipo," Gundi alisema.

Akalilaza mezani, juu ya karatasi za mkataba.

Profesa hakumtazama hata mtu mmoja. Alifunua ala, akaweka picha ya eksirei kando ya bomba, akazioanisha. Ufa kwa ufa. Kombe kwa kombe. Kila mstari wa kwenye picha ulikuwa na mwenzake kwenye tope.

"Alama inasema ni la tatu!" wakili alipaza sauti.

"Alama iliandikwa na mtu. Hili liliandikwa na mvua," Profesa alisema. Kidole chake kikasogea. "Hapa chini, tope zito. Mvua nzuri, mto umejaa. Sasa tazameni. Vidole viwili tu, waheshimiwa. Miaka ishirini. Mtoto anazaliwa kwenye mvua, hajaoa, mvua imekwisha. Na kutoka hapa mpaka hapa, kiganja hadi kiwiko changu, miaka mia tatu ya vumbi. Vumbi hili mkilitazama kwa hadubini lina makombe ya viumbe wa maji matamu. Viumbe wa ziwani. Mnajua maana yake?"

Wakili aliacha kutabasamu.

"Maana yake ziwa lenyewe lilikauka, upepo ukalizoa, ukalitupa baharini. Ziwa hilo hilo. Bahari ilipopata joto la kiasi fulani ndipo hayo yalipotokea, na leo iko karibu kabisa na kiasi hicho. Mkisaini, siku mvua ikikata, maji yaliyobaki hayatakuwa yenu."

Jaji alivua miwani. Alichota kidogo kwa ncha ya kalamu. Profesa alimwonyesha kwa ishara: meno ya mbele.

Jaji akatafuna. Ukumbi mzima ulisikia.

Kura zilikuwa saba kwa mbili. Mkataba ulikataliwa. Wakili alikuwa ameshatoka kabla hazijamaliza kuhesabiwa, akawakuta vijana wa Idara mlangoni, kwa kuwa Bwana Glavu alikuwa ameanza kusema, na hakuna mtu aliyeweza kumnyamazisha.

Profesa alimshika Gundi mkono. "Zimamoto wamenipigia. Matatu yamepona. Yale mengine..."

"Samahani, Profesa."

"Nenda ukashonwe bega."

Watu walipoanza kusimama na kupiga makofi, Gundi alikuwa kwenye ngazi za nje. Simu ililia.

"Kazi safi, Gundi," Mkuu alisema. "Ripoti nataka mezani leo jioni."

"Iandike sasa hivi, Mkuu, ni fupi. Kazi ilifanywa na mtunza ghala. Mimi nilibeba tu."

"Gundi..."

"Na watu wako warudishe kila nguo kabatini kama walivyoikuta. Waikunje. Nitaenda kukagua mwenyewe."

Akakata. Akavuka barabara akichechemea.

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, viatu vya mumewe mapajani. Alipomwona dada yake hakuinuka. Alitazama nywele zilizoungua, damu, tope lililokauka kidevuni, kisha akauliza swali lile lile.

"Ni kweli?"

Gundi akakaa kando yake.

"Si kweli. Aliwadanganya. Walimpiga saa nzima aseme ukweli, akawadanganya mpaka mwisho, na hakubadilisha neno hata moja. Mimi nilimtukana, mdogo wangu. Nilimtukana akiwa anasikia au hasikii, sijui. Nitaishi nalo."

Mdogo wake aligeuza kiatu kimoja mikononi. Kisha kitu kikamtoka, kicheko na kilio kwa pamoja.

"Yule?" alisema. "Yule alikuwa hajui kudanganya. Nikimuuliza kama chakula kimezidi chumvi, anasema hapana, na uso wote unamsaliti."

"Leo alijua," Gundi alisema.

Akachukua kiatu kimoja, akamwachia mdogo wake kingine, akampa mkono ainuke. Wakaenda pamoja hadi mwisho wa korido, kwenye mlango wa chumba alimolazwa mumewe.